Aliyekuja Kuomba Mmoja

Mzee Theophil alishuka kwenye treni ya Moshi akiwa na mkungu wa ndizi, kikapu, na sentensi moja aliyokuwa ameifanyia mazoezi njia nzima, akiisema kwa sauti ya chini mpaka abiria wa pembeni akamuuliza kama anaumwa. Sentensi yenyewe haikuwa ndefu. "Mwanangu, nipe Doto nikakae naye." Basi, imekwisha. Mtu angedhani ni jambo la kusemwa huku unavua viatu mlangoni. Wapi bwana! Wiki tatu alikaa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, na sentensi ikabaki kooni pale pale, haipandi haishuki.

Na tuelewane, hakuwa anaomba cha mtu. Kwa mila za kwao Rombo, mtoto wa kwanza ni wa upande wa baba, na wa pili ni wa babu mzaa mama. Akishaacha ziwa na kujua kuvaa kaptula mwenyewe, babu akimtaka anamchukua, wanakaa wote, wanakula wote. Sasa binti yake Euphrasia alikuwa amejifungua pacha. Wa kwanza akabatizwa Kasmir, jina la baba mkwe wake. Wa pili, aliyekuja robo saa baadaye, akabatizwa Theophil, jina la mzee mwenyewe. Watu wa Kariakoo hawakuwa na habari na ubatizo. Kwao pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na mama yao ni Mama Kulwa, hata uje na cheti cha padri. Watoto walikuwa wametimiza miaka minne. Kulwa wa kwao, Doto wa babu. Hesabu gani tena hapo?

Mwaka ule ulikuwa wa themanini na moja, na mkewe Celina alikuwa na miaka miwili kaburini, kule migombani nyuma ya nyumba. Nisikudanganye kwamba mzee alikuwa analia kila siku. Hakuwa analia. Alikuwa anapalilia kahawa, anakata majani, anapika, anakula. Lakini jioni ikifika nyumba ilikuwa kimya mno, na mzee alikuwa na redio ya mbao, basi anaifungua asikilize matangazo ya vifo. Watu wenyewe hawajui, wa Singida, wa Lindi, wa wapi sijui. Anasikiliza tu: marehemu ameacha mjane na watoto saba, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Angalau ni sauti ya mtu ndani ya nyumba. Halafu betri zikaadimika madukani kama kila kitu kilivyoadimika, na redio nayo ikanyamaza.

Ndipo alipomwita fundi Ignasi akamchongea kitanda kidogo, futi nne. Majirani wakauliza, wakajibiwa. Siku ya kuondoka aliaga mpaka kilabuni: "Nikirudi sirudi peke yangu." Mtu mzima akishasema hivyo mbele ya watu, ameshajifunga.

Euphrasia alikuwa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mwanamkuu, mjane wa Kizaramo mwenye sauti ya kuita mtu mpaka Jangwani. Vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na bomba la wote. Mumewe Wilbert alikuwa dereva wa lori la shirika la umma, anapeleka shehena Tunduma, na barabara ile mtu anaweza kumaliza mwezi hajarudi. Chumba kilikatwa katikati kwa pazia la kanga: huku kitanda cha Euphrasia, kule mkeka wa mzee na watoto. Ilikuwa inawezekana kwa sababu Wilbert hayupo. Akirudi Wilbert, mzee aondoke. Mtu na mkwewe kulala chumba kimoja, pazia tu katikati? Aibu hiyo hata Kariakoo haibebeki. Na Wilbert alikuwa anarudi Jumanne.

Yaya alikuwa ametoroka na muuza mkaa tangu mwezi uliopita, kwa hiyo mzee alipowasili kazi ilikuwa inamsubiri. Alfajiri Euphrasia anaondoka, apitie foleni ya duka la ushirika akaweke jiwe lake kwenye mstari, kisha akimbilie kiwandani. Mawe yale ndiyo yaliyokuwa yanapanga foleni badala ya watu. Kila mtu alilijua jiwe lake, na ole wako usogeze la mwenzio. Mzee anabaki na pacha.

Saa moja anawaosha nyuso bombani. Saa moja na nusu uji, wa ule unga wa njano ambao watu wa mjini waliuita Yanga kwa rangi yake, wenye Simba wakaula hivyo hivyo wakinuna. Sukari hakuna, unatiwa chumvi. Siku ya kwanza mzee aliwagawia uji kwenye bakuli mbili. Pacha wakaziangalia zile bakuli, wakaangaliana, kisha mmoja akachukua ya kwake akaimimina kwenye ya mwenzake mpaka ikafurika mkekani. Tangu siku hiyo bakuli moja, vijiko viwili.

Baada ya uji wanatembea. Mzee katikati, mtoto huku mtoto huku, wanazunguka soko jipya la ghorofa kuangalia watu wanaotafuta vitu visivyokuwepo. Mzee alikuwa anasalimia. Ndiyo tabia ya kwao, unayekutana naye unamsalimia, unamuuliza za nyumbani, ng'ombe, mvua. Hapo sokoni akisema, "Habari za asubuhi," mtu ameshapita, salamu inaangukia mgongoni kwa mwingine. Siku moja alisikia wanawake wawili wauza vitunguu wanaongea Kirombo, moyo ukamruka, akawakaribia akawaamkia kwa lugha yao. Wakamjibu vizuri, wakamuuliza anataka vitunguu vingapi. Hakuwa anataka vitunguu. Akanunua viwili, akaondoka.

Saa sita wanakula, saa saba wanalala, saa kumi wanaoga kwenye karai moja, na hapo Bi Mwanamkuu anatoka chumbani kwake na kigoda kuja kutazama. "Babu Pacha," anamtania, "Mchaga gani wewe huna hata duka? Wenzio wote wa Kilimanjaro wako Mtaa wa Kongo wanauza vitenge, wewe unauza povu la karai." Mzee anacheka. Zilikuwa ndizo dakika zake nzuri za siku, na hata hizo alikuwa hajui amjibu nini. Celina ndiye aliyekuwa na majibu.

Sasa pacha hao walikuwa na jambo lao. Walikuwa hawajui "mimi." Hilo neno halimo. Kila kitu kwao kilikuwa "sisi." Mmoja akijikwaa uani, anakuja wa pili ambaye hata vumbi hana: "Babu, sisi tumeumia."

"Nani ameumia?"

"Sisi."

"Mguu wa nani?"

"Mguu wetu."

Mzee akachukulia ni utoto, akaamua kuwafundisha. Akamweka mmoja mbele yake. "Sema mimi." Mtoto akamnyooshea mwenzake kidole: "Mimi huyu." Mwenzake naye, kwa furaha kabisa, akamnyooshea yeye: "Mimi huyu." Bi Mwanamkuu alicheka mpaka akateleza kwenye kigoda. Mzee naye akacheka, lakini ndani ya roho kikamchoma kitu kidogo, maana pacha wakianza kuongea wao kwa wao, maneno yao ya haraka haraka ambayo si Kiswahili wala Kirombo, yeye aliyelala nao mkeka mmoja anakuwa kama hayupo. Anakaa pale na miguu yake mirefu, anawangoja wamkumbuke.

Zikabaki siku tano. Jumatano usiku mzee akajiambia: Theophil, wewe mwoga. Kwani tatizo nini? Tatizo mtoto hajazoea. Mzoeshe. Mchukue peke yake siku moja, akuzoee wewe, halafu useme. Yakamwingia akilini vizuri, na Alhamisi asubuhi akamwendea Bi Mwanamkuu.

"Nishikie Kulwa leo. Nakwenda na Doto kumwonyesha pantoni."

"Na Kulwa je? Yeye macho hana?"

"Kesho zamu yake," mzee akadanganya.

Kuwatambua ilikuwa kazi, lakini Euphrasia alikuwa amemfunga Doto uzi mweusi mkono wa kushoto. Mzee akautafuta uzi, akaushika mkono wenye uzi, akatoka nao. Nyuma hakugeuka. Walitembea mpaka Feri kwa miguu, na njia nzima mzee akaongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Akamweleza kuhusu mlima, kuhusu baridi ya asubuhi, kuhusu kitanda cha fundi Ignasi. "Unajua jina lako? Wewe ni Theophil. Na mimi Theophil. Wewe somo yangu." Mtoto akaitika kila neno. Alikuwa mpole kweli kweli, hata mzee akajisifu kwamba jambo ni jepesi kumbe.

Pale Magogoni wakapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, kwa raha tu. Katikati ya maji mtoto akamvuta koti.

"Babu, sisi tuko wapi?"

"Tuko kwenye pantoni, somo."

"Hapana. Sisi." Akageuka akaangalia nyuma ya mzee, akaangalia chini ya benchi, akaangalia katikati ya miguu ya watu. Hakuwa analia. Alikuwa anatafuta, kama mtu aliyeweka kitu mahali dakika hii hii. "Sisi tumebaki?"

Mzee akasema ndiyo, mwenzio amebaki, tutamkuta. Mtoto akakubali, akakaa. Waliporudi ng'ambo ya mjini mzee akanunua samaki, kibua cha kukaanga, kwa mama mmoja sokoni, akamkabidhi kikiwa cha moto kwenye gazeti. Mtoto akakikata katikati kwa vidole, polepole, asibakize upande mkubwa. Akala kipande kimoja chote mpaka mwiba. Kisha akatulia, mikono magotini, anakitazama kipande cha pili. Nzi wakaja.

"Kula basi, somo."

"Sisi tumekula."

"Na hicho?"

"Sisi bado."

Mzee Theophil akawafukuza nzi kwa mkono. Alingoja aone kama mtoto atakificha mfukoni ampelekee nduguye. Hapana, hakuwa na mpango huo. Alikuwa anasubiri tu kipande kiliwe, hapo hapo, na hakikuliwa, na uso wake ukawa unakishangaa kwa unyonge ambao mzee aliujua. Mimi sijui kama wewe umewahi kukaa mezani unatazama upande wa pili wa meza. Mzee alikuwa amekaa hivyo miaka miwili.

Walirudi nyumbani mchana. Mlangoni, kwenye baraza, yule aliyebaki alikuwa ameketi kwenye saruji, kaptula imelowa, uji wa asubuhi pembeni umeota ngozi. Bi Mwanamkuu akatoka amejaa hasira. "Babu Pacha, umenifanyia nini leo? Mtoto hali, halii, hasemi! Nimembembeleza nimechoka, tangu saa mbili yuko hapo anatazama kona ya mtaa kama askari!" Kisha akamtazama mtoto aliyeshikwa mkono na mzee, akamgeuza shingo, akakunja sikio. "Loo! Na huyu si Doto. Huyu ni Kulwa. Tazama, doa hili la nyuma ya sikio ni la Kulwa. Uzi wamevuana kwenye karai, wewe mzee macho yako yako wapi?"

Basi fikiria mtu mzima amesimama barazani, mvi zote zile. Asubuhi nzima amemwita mtoto wa wenyewe somo yangu, amempa mlima na kitanda na jina, na mtoto ameitika, na aliye wake ameachwa mlangoni amejikojolea. Ati mila! Ati wangu huyu, wao yule! Alikuwa hawezi hata kumjua wake kwa uso.

Pacha wenyewe hawakukumbatiana wala hawakufanya makubwa. Walikwenda uani, wakanywa maji kwenye kopo moja kwa kupokezana, kisha wakaanza kuongea maneno yao wote wawili kwa pamoja, bila kupumzika, kama watu waliorudi kutoka safari mbili tofauti. Mzee alisimama ukumbini akawasikiliza. Hakuna aliyemwita.

Ijumaa na Jumamosi alijibishana na nafsi yake. Watoto wanazoea bwana, alijiambia. Wiki moja atalia, wiki ya pili atacheza na mbuzi, mwezi wa tatu amesahau. Watazoea. Na hapo ndipo lilipomkwama, maana neno hilo alikuwa ameambiwa yeye siku ya arobaini ya Celina, na padri, na majirani, na Euphrasia huyu huyu: Baba, utazoea. Sasa yeye alikuwa amezoea nini? Miaka miwili, mtu wa miaka sitini na minane mwenye akili zake, hajazoea hata kidogo. Halafu amchukue mtoto wa miaka minne akamfundishe kazi hiyo iliyomshinda mwenyewe, kwa sababu tu nyumba iko kimya? Alikasirika kweli. Alijichukia mpaka akakataa chai.

Akaamua hatasema. Sentensi aliyokuja nayo ataimeza, ataondoka nayo Jumatatu.

Jumapili walirudi kutoka kanisani, Euphrasia akapika ndizi za mwisho zilizobaki kwenye mkungu, pacha wakaenda kwa Bi Mwanamkuu. Euphrasia akaja mkekani mbele ya baba yake, akapiga magoti kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana.

"Baba, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Nimelizunguka tangu ulipokuja, naogopa. Ile barua niliyokuandikia uje kututembelea, niliiandika kwa neno hilo." Akashika shika ncha ya kanga. "Mimi nimeshindwa, Baba. Yaya sina. Wilbert yuko barabarani. Nikitoka kiwandani miguu imevimba, bado foleni. Na wewe kule uko peke yako, nikilala nakuona upo gizani peke yako. Kwa mila yetu Doto ni wako. Mchukue. Wilbert nimemwandikia, amekubali."

Mzee alikuwa amepewa! Bila kuomba, bila kusihi, amepewa mkononi. Akaona kitanda kile. Akaona kilabu kizima kinamgeukia.

"Wote wawili je?" akauliza, na sauti ikamtoka ndogo.

Euphrasia akacheka, cheko la kuchoka. "Kulwa ni wa kwao, Wilbert hamtoi hata kwa bunduki. Na akiwatoa wote, Baba, mimi nibaki na nani?"

Ukweli mzee alikuwa nao. Angeweza kumweleza habari za pantoni na kibua. Lakini akimweleza, Euphrasia atasema tutafanyaje sasa, naye hana jibu. Atabaki na mzigo ule ule, na juu yake huruma kwa baba yake aliyekuja kuomba mtoto akaogopa. Bora amchukie baba yake.

"Hapana," akasema. "Mimi nimezeeka, Euphrasia. Mtoto mdogo ni kelele. Nimekaa nao wiki tatu, kichwa kinaniuma."

Euphrasia hakuwa ametarajia hilo. "Kelele?"

"Nimezoea utulivu wangu."

"Mjukuu wako, Baba. Jina lako mwenyewe."

"Nimesema."

Euphrasia akanyoosha magoti, akainuka. Akaenda pembeni ya pazia kilipokuwa kikapu cha mzee, kile cha safari ya kesho, akakivuta mpaka katikati ya chumba. Mzee hakuwa amekiangalia tangu jana. Euphrasia akapiga magoti, akaanza kutoa vitu alivyokuwa ameshavipanga humo: kaptula mbili zilizopigwa pasi, shati la kanisani, kandambili ndogo, kadi ya kliniki. Alivitoa kimoja kimoja akiviweka mkekani, na macho hakuyainua. Chini kabisa akakuta sweta la sufi la rangi ya kijani, jipya, alilolifuma mwenyewe kwenye foleni kwa miezi miwili, la baridi ya Rombo, saizi ya mtoto wa miaka minne. Moja tu. Hapo akasita.

"Hili chukua," akasema. "Huku joto. Halina mtu wa kulivaa."

Mzee Theophil akalipokea kwa mikono miwili. Akasema ahsante mwanangu, akalikunja vizuri, akalirudisha kwenye kikapu.